Wateja Walionificha

Iko Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu mwenyewe, mwanangu. Nilikuwa nimesimama na sahani ya wali katika ukumbi wa kanisa hapa Yeoville, kwenye harusi ya Wakongo, na mbele yangu, karibu kiasi cha kugusana mabega, alisimama mteja niliyempenda kuliko wote. Tulimwita Mama Bibiche. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea mimi kwa cherehani yangu, kola imesimama shingoni, mkunjo umemzunguka kiuno upande mmoja ukaishia nyuma. Alipendeza, nami nilikuwa najisifu kimoyomoyo huku natafuna. Akaja mama mmoja mwenye kilemba kikubwa, akamshika mkono, akamzungusha, akamuuliza, "Mama, hii nani amekushonea?"

Nikaishika sahani vizuri, nikanyoosha mgongo, nikajiandaa kutajwa.

"Hii?" Mama Bibiche akasema, bila hata kupepesa. "Walinitumia toka Lubumbashi."

Wali ulinikwama. Na usidhani hakuniona. Tulitazamana kabisa, kisha akageuza uso akaanza kusifia kachumbari. Mimi hapo, fundi mzima, nimefichwa mchana kweupe kama nguo ya ndani inayoanikwa nyuma ya shuka. Niliumia, mwanangu. Niliumia nikaacha wali wa harusi, na wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kuacha wali.

Ninakusimulia hili kwa sababu ya lile ulilokuja kuniuliza. Unasema saluni yako ya Randburg wateja wanaipenda. Wanarudi, wanakaa kwenye kiti chako saa nzima wanakusimulia mambo ya waume zao, wanakuita dada. Lakini hakuna anayekuletea mwenzake. Umelipia matangazo kwenye simu mpaka simu yenyewe imechoka. Na si wewe peke yako, vijana wengi wananijia na swali hilo hilo: mtu anayenipenda nifanyeje ili akanisemee kwa wengine? Basi kaa, acha hiyo simu, chai iko hapo. Jibu lake ninalijua, na nililipata kwa shida, kwa hiyo utalisikiliza lote.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Niliolewa na kijana wa hapa aliyekuwa uhamishoni kwetu kabla nchi hii haijawa huru, na uhuru ulipokuja akanileta kwao. Mama mkwe alinipokea kwa Kizulu, nami nikamjibu kwa Kiswahili, tukaelewana kwa chai. Nilianza kushona katika fleti yetu ya Joubert Park, lakini majirani walilalamikia mlio wa cherehani, na msimamizi wa jengo akanikataza kabisa. Ndipo mimi na mwenzangu Editha, fundi wa Kigoma, tukapanga chumba kimoja Yeoville, karibu na robot, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, kile ambacho dirisha lake linatazama barabara. Chumba kile kilikuwa kila kitu chetu. Mume wangu, Baba Nomsa, alikuwa amepoteza kazi, na Editha alikuwa na mama mzee kule Kigoma anayemtegemea.

Mwaka ule wa ile harusi, mwenye jengo alikuja akasimama mlangoni na kofia yake mkononi. Alikuwa mzee mpole, hakuwahi kutupigia kelele. Akasema, "Mama Nomsa, kuna mtengeneza simu anakitaka chumba hiki. Naona siku nyingi mnakaa tu. Mkifika Krismasi bado mnakaa tu, nitampa yeye." Hakukuwa na ugomvi ndani yake, alikuwa anasema kweli. Wateja wetu walikuwa wazuri na waaminifu, lakini walikuwa wale wale, na mtu hashoni gauni kila wiki. Tusingepata wapya, Editha angerudi Kigoma, nami ningerudi kwenye fleti ambayo cherehani hairuhusiwi kulia.

Sasa nilikuwa nimelelewa na ile methali, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Niliiamini kama nilivyoamini jua kutoka. Shona vizuri, nilijiambia, watu watakuja wenyewe. Sisemi wazee walikosea. Ila nadhani aliyeitunga hakuwa mwanamke mwenye fundi mzuri. Waulize wanawake wa Dar, waulize wa Bujumbura, waulize wa Nairobi. Mwanamke atakupa sukari yake, atakupa chumvi, atakuazima hata mtoto wake ukamtume dukani. Fundi wake hakupi. Ukimuuliza atakwambia fundi amehama, au amekufa. Nimeshazikwa mara nyingi mimi, mwanangu, na kila mara nikafufuka Jumatatu kufungua duka.

Baada ya ile harusi nilirudi nimevimba. Nikamwambia Editha, "Kama hawataki kutusema kwa hiari, tutawavuta." Mkono mtupu haulambwi, si ndivyo wanavyosema? Nikatangaza kwa kila mteja: atakayeniletea mteja mpya, namshonea blauzi bure. Editha alikunja uso, lakini alikuwa mdogo kwangu, akarudi kwenye cherehani yake.

Watu walikuja, sikatai. Mteja wangu mmoja wa Kenya, Mama Njeri, alimleta rafiki yake kutoka huko huko Randburg unakokaa wewe. Yule rafiki akapimwa, akafurahi, akarudi kuchukua nguo yake, na nguo ilikuwa nzuri. Bahati mbaya akamkuta Mama Njeri anajaribisha blauzi yake ya bure, na mimi kwa mdomo wangu nikasema, "Umeona, hii ndiyo zawadi yake kwa kukuleta wewe." Nilidhani ninamvutia na yeye alete mwingine. Yule dada alimtazama rafiki yake kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Kumbe ulinipandisha taxi mbili kwa ajili ya blauzi," akasema. Akachukua nguo yake akatoka, na sikumwona tena. Mama Njeri naye alikuja mara moja moja tu baada ya hapo, na kila akija anakaa karibu na mlango.

Wiki hiyo hiyo akaingia Bibi Zuhura. Huyu alikuwa mzee wa Burundi, mzaliwa wa Buyenzi pale Bujumbura, ambako Kiswahili kinasemwa mpaka na mbuzi. Alikuja kupunguziwa pindo la baibui. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi na kifimbo chake kati ya magoti. Wazee wa namna ile, mwanangu, ukiwapa kiti tu umeshawapa na mambo yako yote. Nikajikuta ninamweleza kila kitu: Lubumbashi, kachumbari, blauzi, mtengeneza simu. Nililalamika mpaka pindo nikalishona upande.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Weye, ukimlipa mtu akusifu, watu hawatamsikia yeye tena. Watasikia blauzi."

"Sasa nifanyeje, Bibi? Bila kulipwa ndiyo hivyo, wananificha."

"Mtu hafichi kitu kibaya. Kibaya anakitupa. Huyo mama anakuficha kwa sababu anaogopa kitu. Umeshamuuliza anaogopa nini?"

Nikasema sijamuuliza, na kwamba yeye ndiye aliyenikosea, ni juu yake kuja kuniomba radhi. Bibi Zuhura akapiga sakafu kwa kifimbo, mara moja tu.

"Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Weye hukuuacha mbachao, mwanangu. Umeutandika mlangoni wageni wafutie miguu. Kila anayeingia hapa mara ya kwanza unamchekea, unampa tarehe ya karibu, unampa blauzi. Mimi mteja wako wa siku zote, hili pindo nalifuata safari ya tatu."

Ilikuwa kweli. Pindo lake nilikuwa ninaliahirisha kwa sababu nilijua atarudi tu. Nikalifumua lile la upande, nikalishona upya mbele yake, nikamsindikiza mpaka ng'ambo ya barabara. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu yangu nilikuwa bado ninaihitaji kwa ajili ya pedali.

Kesho yake nikaenda sokoni. Mama Bibiche alikuwa na meza yake pale soko la Yeoville, akiuza sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wakavu. Sikubeba zawadi. Nilibeba maneno tu, na njia nzima nilikuwa ninayapanga na yananivurugika. Aliponiona alidhani nimekuja kugombana. Akaanza kupanga samaki ambao walikuwa wamepangika tayari.

Nikamwambia, "Mama Bibiche, sikuja kwa ugomvi. Ile siku ya harusi nilisikia. Ninataka kujua kitu kimoja tu. Ukinitaja kwa watu, wewe unapoteza nini?"

Aliacha samaki. Akanitazama, akaona sina mzaha.

"Mi nilikusema, Mama Nomsa," akasema taratibu. "Wewe umesahau. Maman Odile, nani alimuleta kwako? Ni mi. Nilimushika mukono mpaka kwa mlango wako. Kisha Pasaka ikakaribia, nikakuletea kikwembe changu." Kikwembe ndiyo kitenge, wao wa Lubumbashi ndivyo wanavyokiita. "Ukaniambia, ngoja, Maman Odile ameleta vitambaa vingi. Nikangoja. Pasaka nikaenda kanisani na nguo ya zamani. Na Maman Odile akaingia na kola yangu. Ile kola mi na wewe tuliichora pamoja kwa karatasi, mbele ya cherehani yako. Akakaa benchi la mbele. Watu wakamupigia vigelegele."

Akafukuza nzi juu ya samaki.

"Kule kwetu nilikuwa mwalimu," akaendelea. "Watoto walisimama nikiingia. Hapa wiki nzima mi ni mama wa sombe, natoa harufu ya samaki mpaka kwa nywele. Jumapili tu ndiyo watu wananiona. Ile nguo ndiyo inasema mi ni nani. Sasa nikikutaja, napoteza nafasi yangu kwako na napoteza uso wangu kanisani. Ungekuwa wewe ungesema?"

Nilisimama katikati ya soko lile, watu wananipita na mifuko yao, na machozi yakanitoka. Aibu ilikuwepo, lakini zaidi nilimwonea huruma. Yule mama alinipenda kuliko wote, na mimi ndiye niliyemfundisha kunificha. Alinisema mara moja kwa hiari yake, bila blauzi, na malipo yake yalikuwa kusukumwa nyuma na kunyang'anywa kola.

Nikampa ahadi mbili pale pale. Kwanza, nafasi yake kwangu haitaguswa. Akileta kitambaa, kitawekwa mahali pake hata kama mgeni aliyeletwa naye ameleta vitambaa mia. Pili, mshono tulioubuni pamoja ni wake. Sitamshonea mtu mwingine wa kanisa lake bila yeye mwenyewe kukubali kwa mdomo wake. Mama Bibiche alinisikiliza, akaguna. "Sharp," akasema, lile neno la vijana wa hapa la kusema sawa, lakini alilisema kama mtu anayepokea noti akaiangalia kwenye mwanga. Ahadi ni deni, na mimi kwake sikuwa tena mtu wa kukopeshwa.

Nikarudi dukani nikamweleza Editha. Tukaacha mambo ya blauzi. Tukaanza na wale tuliokuwa nao, mmoja mmoja, tukimuuliza kila mtu nini kinamkera kwetu. Mwanangu, jiandae siku utakayofanya hivyo, kwa sababu watakuambia. Mmoja aliniambia ninaongea sana wakati wa kupima. Nimejaribu kupunguza, unaona mwenyewe nilivyofanikiwa.

Kazi hazikuongezeka siku hizo. Nakwambia ukweli, kwa wiki kadhaa tulizidi kukaa tu. Mtengeneza simu alishapita mara moja kupima ukuta kwa macho, ataweka wapi meza yake. Ndipo akaingia Mama Grâce.

Huyu alikuwa Mkongo mwenye uwezo, anasali kanisa moja na Mama Bibiche, na binti yake alikuwa anaolewa kabla ya Krismasi. Alitaka sare ya wanawake wote wa upande wa bibi harusi: mashangazi, dada, marafiki, chumba kizima cha watu. Alimwaga vitambaa juu ya meza yetu mpaka cherehani ikafunikwa. Editha alinitazama, na macho yake yalikuwa yameshalipia kile chumba mwaka mzima ujao.

"Nataka ile kola," Mama Grâce akasema. "Ile ya yule mama wa sombe. Niliiona kwa ile harusi. Yeye anasema ya Lubumbashi, lakini nimeulizauliza, nimejua ni yako."

Chini ya meza Editha akanikanyaga mguu. Nilijua maana ya mguu ule. Maana yake ilikuwa chumba, dirisha, mama yake wa Kigoma, na mimi kutorudi Joubert Park. Nikauondoa mguu wangu.

"Mama Grâce," nikasema, "kola ile ina mwenyewe. Nipe nafasi nikuchoree nyingine, na utaipenda. Au nikamuulize kwanza mwenyewe."

"Kola ina mwenyewe? Umeiandikisha serikalini?"

"Sijaiandikisha. Nimeiahidi."

"Mi nikamuombe ruhusa muuza sombe, kwa harusi ya mtoto wangu?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaanza kukusanya vitambaa vyake kimoja kimoja, taratibu, akinipa muda wa kujirudi. Sikujirudi. Alipofika mlangoni akasema fundi mwenye majivuno hufa na njaa, akaondoka.

Editha hakupiga kelele. Alikaa akainamisha kichwa juu ya cherehani iliyofunuliwa. "Dada," akasema, "ahadi yako nimeielewa. Lakini chumba kikiondoka, hiyo ahadi utaitundika wapi?" Nisikudanganye kwamba nilikuwa na ujasiri wa simba. Nilienda nyumbani nikamwambia mume wangu nimefukuza kazi ya kutuokoa, naye akanishika mkono, hakuuachia mpaka usingizi ukanichukua. Kilichonishikilia ni kitu kimoja. Nilijua kama ningekubali, Mama Bibiche angeketi tena kanisani akiitazama kola yake kwenye shingo za watu wengine, safari hii ukumbi mzima.

Sikwenda kumweleza. Kumwambia mtu wema uliomtendea ni kumdai, na mimi sikutaka kumdai. Lakini Mama Grâce mwenyewe alinisaidia kutangaza. Jumapili baada ya ibada aliwasimulia wanawake wenzake nje ya kanisa habari za fundi wa karibu na robot, mwenye kiburi, aliyekataa kazi ya harusi nzima eti kola ya mama wa sombe ni ya mama wa sombe. Alisimulia ili wacheke. Hakucheka mtu, na alipogeuka akamkuta Mama Bibiche amesimama nyuma yake, anafunga mkoba. "Jumanne twende kwa huyo fundi pamoja, mi na wewe," Mama Bibiche akamwambia.

Jumanne asubuhi mlango wetu ukafunguliwa. Aliyetangulia ni Mama Bibiche, na vazi lake la sokoni, harufu ya samaki na vyote. Alikuwa ameifunga meza yake siku ya kazi, jambo ambalo hata homa haikuwahi kumfanya alifanye. Nyuma yake aliingia Mama Grâce, uso ameuinamisha kidogo, na nyuma ya Mama Grâce mashangazi wawili wamebeba vitambaa.

"Ni huyu," Mama Bibiche akawaambia. "Huyu ndiye fundi wangu. Gauni zangu zote ni yeye, na ile mi nilisema ya Lubumbashi nilisema uongo, Mungu anisamehe. Nilikuwa namuficha. Sasa simufichi tena, maana nimeona: kitu chako ukikiacha kwa huyu mtu, hata usipokuwepo, kinakaa chako."

Kisha akavuta kiti, akakaa, akamgeukia Mama Grâce kama mwalimu aliyeingia darasani. "Kola ni yangu. Kwa harusi ya mtoto wako nimekupa, kwa furaha. Lakini mkunjo wa kiuno utakaa upande wa pili, na wewe mama wa bibi harusi, shingo yako ni fupi, utachorewa ingine. Mama Nomsa, leta karatasi."

Mwanangu, nilileta karatasi. Nikachora mstari wa kwanza ukaenda kombo, na Mama Bibiche akaninyang'anya penseli akausahihisha. Editha aliingia nyuma ya pazia la kujaribishia nguo, akakaa humo, na sote tulijifanya hatusikii anavyolia. Mama Grâce naye, nimpe haki yake, alikuwa mtu mzima. Aliitazama ile michoro, akacheka safari hii bila dharau, akasema, "Basi, mwalimu, shingo yangu naiacha kwa uamuzi wako." Tangu siku ile wale mama wawili walikaa benchi moja kanisani.

Ile sare tuliishona. Ukumbi mzima ulipouliza nani ameishona, hakuna aliyejibu isipokuwa Mama Bibiche, kwa sababu kila aliyeulizwa alielekeza kwake. Alisema jina langu, akasema duka liko wapi, akasema na siku ya kuja. Mtengeneza simu alipata chumba jengo la pili, na ndiye anayenitengenezea simu mpaka leo. Chumba chetu kikabaki chetu, ndicho hiki unamonywea chai.

Sasa sikia ninachokuusia, na usikisikie kwa sikio moja huku lingine liko kwenye simu. Usianze kwa kuwauliza watu wakusemee. Nenda kesho kwa yule mteja wako wa siku nyingi, yule anayekuja kimya kimya, umuulize anapoteza nini akikutaja. Pengine anaogopa akimleta rafiki yake atakuta kiti chake kimekaliwa. Pengine rafiki aliyemleta zamani ulimharibu nywele, na lawama akaibeba yeye, kwa sababu anayekuitia watu amekuwekea rehani heshima yake. Pengine zile siri za mume wake anazokusimulia aliwahi kuzisikia zimefika mahali. Ukiujua huo woga wake, uondoe, hata kama kuuondoa kunakukosesha kazi ya siku hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo, lakini mwenyeji wa duka lako si wewe tu, hata yule mteja wa kwanza ni mwenyeji. Mgeni akija, yeye apate kupona, asiugue.

Usimnunue mtu maneno. Mshukuru, mpe hata zawadi ukipenda, lakini iwe kwa kuwa unampenda, siyo kwa hesabu ya vichwa alivyoleta. Na akiwa na kitu alichokubunia au alichokufundisha, mtaje mbele za watu. Mpe neno la kusema katika duka lako. Mtu husimama kutetea kilicho chake, na akiona sehemu ya duka lako ni yake, hutamtuma, utamkuta ameshafika.

Na lile la kukataa kazi, najua ndilo linalokukereketa, maana niliona ulivyokiweka kikombe chini nilipofika hapo. Sikuhakikishii kwamba kila utakapoitunza ahadi mtu atakuja Jumanne na vitambaa. Mara nyingine nimeitunza na hakuja mtu. Lakini duka ambalo watu wake hawana cha kukitetea, siku likitikisika, watakaosimama mlangoni ni wale wanaokuja kupima ukuta.

Nenda sasa, jioni inakuja na taxi za Randburg zina foleni. Mungu akubariki mikono yako, kila kichwa kinachoinama mbele yako kiinuke na fahari. Akupe riziki isiyomnyang'anya mwingine yake. Akuepushe na sifa za kununua. Na popote jina lako litakapotajwa usipokuwepo, mwanangu, pawepo mtu mmoja atakayesimama aseme, "Huyo ni wa kwangu."